Ukipotea, Kaa Palepale

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Fundi cherehani alitoa mguu kwenye pedali. Cherehani ikanyamaza. Hakuwa akimtarajia mtu. Wateja wake walikuja asubuhi, na sasa ilikuwa saa kumi jioni.

"Karibu," alisema. Lakini mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo, kama siku zote. Ikabidi ainuke akafungue.

Mlangoni alisimama mwanamke mfupi asiyemjua. Viatu vyake vilijaa tope. Shingoni alivaa filimbi, na begani alibeba mzigo wa turubai uliolowa maji.

"Samahani, Fundi. Nimeelekezwa na jirani yako, fundi viatu. Kaniambia, 'Nenda mlango wa bluu. Yule anashona kila kitu isipokuwa mdomo wangu.'"

Fundi alitaka kucheka. Kicheko kiliishia kooni. Kilikuwa hakijatumika siku nyingi.

"Hiki ni nini?"

"Hema. Upepo umelichana. Mimi ni muuguzi pale zahanati, lakini Jumamosi ni kiongozi wa skauti wadogo. Watoto wananiita Mama Filimbi."

Sauti ndogo ilitoka chini ya meza ya kukatia vitambaa. "Wanalala humo ndani, kwenye hema?"

Mtoto wa kike alitokeza kichwa. Alikuwa na miaka kumi. Baba yake alimwita Sindano, kwa sababu alikuwa mwembamba na alijua kuchoma kwa maneno. Sakafuni alikuwa amepanga vifungo vya nguo kwa mistari.

Mama Filimbi alichutama. "Na hawa ni nani?"

"Darasa langu. Huyu mwekundu ni mtoro. Huyu mkubwa anapenda kula chaki."

"Na wewe ni yupi?"

Sindano alifikiri kidogo. Kisha akaonyesha kifungo kimoja cheupe, mbali na wenzake, karibu na mguu wa meza.

"Yule."

Fundi aliyasikia maneno hayo. Akageuka, akajifanya anatafuta uzi.

*

Fundi na binti yake walikuwa wamehamia chumba kile baada ya mama kufariki. Siku mama alipozidiwa, Fundi alikuwa safarini kununua vitambaa. Alikwenda kwa siku tatu tu. Aliporudi, alikuta watu wamejaa uani.

Tangu siku hiyo alijiapia kwamba hatamwacha tena mtu wake mbali na macho yake. Asubuhi alimpeleka Sindano shule. Mchana alimrudisha, akafunga komeo. Hakuwa mkali. Alimpenda sana. Lakini nyumba ile ilikuwa na sauti moja tu, ya cherehani.

"Mlete kwetu Jumamosi," Mama Filimbi alisema.

"Hapana, dada. Bado mdogo. Huko nje kuna magari, kuna nyoka, kuna watu."

"Na humu ndani kuna nini?"

Fundi alitazama huku na huku.

"Kuna mimi," alisema.

Mama Filimbi hakubishana naye. "Basi niulize maswali, Fundi. Mzazi asiyeuliza ndiye anayenitia wasiwasi."

Fundi akauliza. Nani analinda watoto? Viongozi watatu, na mtoto haachwi peke yake na mtu mzima mmoja. Mtoto akitaka kwenda chooni? Huenda na mwenzake, kwa maana kila mtoto ana mwenza wa siku nzima. Mzazi atajuaje walipo? Kila safari, mzazi hupewa karatasi yenye njia, saa ya kurudi na namba ya kupiga simu wakichelewa.

"Nitafikiri," Fundi alisema.

Jumapili alilisimamisha hema katikati ya chumba ili aone mishono. Sindano akaingia ndani yake. Alikaa humo asubuhi nzima.

"Mwanangu, unafanya nini humo?"

"Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Sijui, Baba. Watu."

Fundi alishona mshono wa mwisho mara mbili. Jumamosi iliyofuata alimpeleka binti yake kwa skauti.

*

Mwezi wa kwanza Sindano alijifunza mafundo ya kamba. Alifunga viti, sufuria, hata mguu wa baba yake. Mvua zilipoanza, walipanda miche kando ya kijito na kila wawili wakapewa mche wa kutunza. Mwenza wake alikuwa binti wa mwoka mikate, mtoto mnene, mcheshi, aliyecheka mpaka akashikwa na kwikwi. Baada ya mvua walijifunza kuwasha moto kwa usalama, mbali na nyasi kavu, na kuuzima kwa maji mpaka majivu yapoe.

Kila Jumamosi jioni Sindano alirudi na maneno mengi. Vifungo vilirudi kwenye kopo lake.

Lakini mchana wa Jumamosi ulikuwa mrefu kwa Fundi. Alitazama saa. Alitazama mlango. Siku moja alishona mfuko wa suruali, akaufunga juu na chini.

Fundi viatu aliuona, akapiga makofi. "Jirani! Sasa mteja atatia wapi mkono? Amwombe nani ruhusa?"

"Niache, bwana."

"Njoo ukae kwangu kibarazani. Upweke haushonwi kwa cherehani."

Fundi hakwenda. Alikuwa na mpango mwingine kichwani.

*

Kiangazi kilipofika, skauti walipanga kupanda mlima wenye msitu. Fundi alipewa karatasi. Akaisoma, akaikunja, akaiacha mezani. Asubuhi ya safari alimuaga binti yake. Kisha akafunga mlango, akawafuata.

Hakumwambia mtu. Hakubeba maji, na futi yake ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni. Alijificha nyuma ya miti kama mwizi wa kuku. Alisikia watoto wakiimba mbele yake, na roho yake ikatulia.

Kisha njia ikagawanyika. Nyimbo zikapotea.

Fundi akashika njia ya kushoto. "Nikiongeza mwendo nitawakuta," alijiambia. Akaongeza mwendo. Njia ikawa nyembamba, halafu ikaisha. Akageuka, akapita kati ya miti. Kila mti ulifanana na mwenzake. Jua lilikuwa kali na ulimi ulimkauka. Alitembea, akatembea tena, mpaka akaona kitu cha manjano chini ya kichaka.

Ilikuwa futi. Alijishika shingoni. Futi yake haikuwepo. Ilikuwa imeanguka pale alipopita mwanzo. Muda wote ule alikuwa akizunguka.

"Jamani!" Fundi aliita. "Jamani! Kuna mtu?"

Aliita mpaka sauti ikakwaruza. Hakujibiwa na mtu. Alifikiri: nikianguka hapa, nani ataniulizia? Hakuna mtu anayejua kwamba nimetoka. Akamkumbuka jirani yake kibarazani.

Ndipo akasikia filimbi kwa mbali. Alikimbia kuelekea kule. Mguu ukaingia kwenye shimo, kifundo kikapinda, akaanguka.

Filimbi ililia tena. Kisha sauti ya mtoto ikapaa kati ya miti:

"Wewe unayeita! Kaa hapo hapo! Usitembee! Sisi ndio tutakuja!"

Fundi aliijua sauti ile. Alikaa chini, akafunika uso kwa mikono.

Baada ya muda majani yalichakacha. Alitokea Mama Filimbi, na nyuma yake watoto wawili. Wengine walikuwa wamebaki kwenye mapumziko na viongozi wale wawili.

"Baba?" Sindano alisimama ghafla.

"Mimi... nilikuwa napita tu."

"Unapita kwenda wapi, Baba? Hapa hata njia hakuna."

Binti wa mwoka mikate alianza kucheka, akashikwa na kwikwi. Sindano hakucheka.

"Ulikuwa unanifuata," alisema.

Fundi aliinamisha kichwa. Mama Filimbi alimpa maji, anywe taratibu. Alikichunguza kifundo cha mguu, akakifunga kwa skafu yake ya skauti. Fundi aliutambua mshono. Skafu ile aliishona yeye mwenyewe.

"Haya, Sindano," Mama Filimbi alisema. "Mfundishe mzazi wako. Mtu akipotea, afanye nini?"

Sindano aliongea huku akitazama viatu vyake.

"Ukijua umepotea, simama. Ukitembea unazidi kupotea, na wanaokutafuta hawakukuti. Kaa palepale, penye kivuli, karibu na sehemu ya wazi uonekane. Tundika kitu cha rangi kali. Piga filimbi mara tatu, pumzika, sikiliza, piga tena. Mara tatu maana yake nahitaji msaada. Filimbi haichoki kama koo."

"Na kabla ya kutoka nyumbani?"

"Beba maji. Na mwambie mtu unakwenda wapi na utarudi saa ngapi."

"Ulimwambia nani, Fundi?" Mama Filimbi aliuliza kwa upole.

Fundi alitikisa kichwa. "Sina mtu wa kumwambia."

"Yule wa viatu, je? Kila nikipita ananiuliza habari zako."

*

Jumatatu Sindano alirudi kutoka shuleni amenuna. Hakutaka chakula.

"Wanasema kundi letu limepata skauti mpya mwenye ndevu," alisema. "Wanauliza kama na yeye atafundishwa mafundo."

"Nisamehe, mwanangu."

"Ukinifuata, Baba, sitajua kama naweza mwenyewe."

Fundi alizungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, bila kushona. "Mama yako nilimwacha siku tatu tu," alisema. "Siku tatu, Sindano. Akaondoka peke yake."

"Hakuwa peke yake."

Fundi aliinua macho.

"Mimi nilikuwepo," Sindano alisema. "Nilimshika mkono. Aliniambia niongee, nikamhesabia vifungo vya gauni lake. Vilikuwa saba. Nilihesabu mara nyingi."

"Hujawahi kuniambia."

"Hujawahi kuniuliza."

Jua lilihama kutoka mezani, likafika ukutani. Wote wawili walikuwa bado wamekaa. Kisha Fundi akanyoosha mkono juu ya meza, na binti yake akaushika.

*

Mwisho wa mwaka ulifika, na kambi ya siku tatu ikawadia. Watoto wangelala kwenye hema na kupika wenyewe. Siku ya pili wangekula kiapo cha skauti.

Karatasi ilisema watarudi Jumapili saa kumi. Kama ingefika saa kumi na mbili bado hawajaonekana, mzazi apige simu kwenye namba iliyoandikwa chini.

"Baba," Sindano alisema akifunga mkoba. "Hutanifuata?"

"Sitakufuata."

"Hata ukiogopa?"

"Hata nikiogopa. Nitakaa palepale."

Sindano alimpa filimbi yake ya zamani. "Saa kumi na moja jioni, kila siku, piga mara moja. Kwenye kundi letu mara moja maana yake nipo. Na mimi nitapiga kule."

"Utanisikia toka huko kote?"

"Sitakusikia. Lakini nitajua."

Ijumaa saa kumi na moja, Fundi alisimama mlangoni akiona haya. Akapiga mara moja.

"Mpira umekwisha?" fundi viatu aliuliza. "Nani kafunga?"

Safari hii Fundi alikwenda kukaa kibarazani. Alimweleza jirani yake habari yote. Fundi viatu alisikiliza, na kwa mara ya kwanza hakutia utani.

Jumamosi upepo ulivuma, mvua ikanyesha kwa nguvu. Fundi aliwaza lile hema. Je, uzi utashika? Alivaa koti, akafika mpaka kwenye komeo. Alikumbuka kwamba mshono ule alikuwa ameushona mara mbili. Akavua koti, akalitundika. Saa kumi na moja alitoka, akapiga filimbi mara moja katikati ya mvua. Hakujibiwa. Alirudi ndani amelowa, akakaa peke yake akitazama kiti cha binti yake.

Jumapili saa kumi ilifika. Hawakuonekana. Ikawa kumi na nusu. Tope lilijaa barabarani na hakuna gari lililopita. Kila kiungo cha mwili wake kilitaka kukimbia.

"Nenda basi hata mpaka kona," fundi viatu alisema. "Nani atakulaumu?"

"Nilimwambia nitakaa hapa."

"Mtoto hatajua."

"Mimi nitajua."

Alitoa ile karatasi mfukoni, akaisoma tena. Saa kumi na mbili, ndipo apige simu. Aliiweka simu gotini. Alitokwa jasho kana kwamba amebeba gunia. Saa ilipofika kumi na moja kamili, alisimama kizingitini, akaweka filimbi mdomoni, akapiga mara moja.

Kimya. Maji yalidondoka kutoka bati hadi kwenye ndoo.

Kisha, nyuma ya kona asiyoweza kuiona, filimbi ikajibu.

Mara moja.

Fundi viatu aliruka. "Ni yeye! Kimbia, bwana!"

Fundi alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka, na miguu haikusogea. Alikaa palepale, mlango ukiwa wazi nyuma yake, mpaka mtoto mwembamba mwenye skafu na tope mpaka magotini akaikata kona, akamwona.