Utani wa Mahindi ya Njano

Soko la Gitega lilikuwa limefurika siku Vumilia alipomkanyaga Prosper mbele ya meza ya fundi simu.

"Aa, dada! Viatu yangu ni ya leo!"

"Samahani, kaka. Lakini na wewe umesimama njiani kama nguzo."

"Hii Kiswahili yako ni ya Tanzania, si ndiyo?"

"Nimekulia kambini, Kigoma. Kuna tatizo?"

Hapakuwa na tatizo. Prosper, kijana wa mtaa wa Magarama, alivaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri. Vumilia, kitenge cha zambarau na macho ya kumtoa mtu jasho. Wote wawili waliandika programu za kompyuta. Mwaka haukuisha wakawa wachumba, na pamoja na wenzao wakatengeneza programu huria ya bei za mavuno. Yeyote aliruhusiwa kuisoma na kuibadilisha, mradi aandike jina lake na sababu.

Ndipo Prosper akaleta ucheshi wake. Mtandao ukisuasua, programu ilimwambia mkulima: "Kaa chini ungoje kama mkimbizi anayesubiri mahindi ya njano."

Vumilia aliyaona maneno hayo nyumbani kwao Butihinda, mkoani Muyinga, walikorejea kutoka kambini, kwenye simu aliyoishika baba yake. Mzee alisoma, akamrudishia simu, akaondoka. Vumilia alitamani ardhi ipasuke immeze. Akayafuta papo hapo. Jioni Prosper akayarudisha, kisha akapiga simu.

"Mukunzi, mpenzi wangu, mbona unanifunga mdomo? Iko utani tu! Hata wenzetu wanasema umekuwa serikali."

"Baba yangu alipanga foleni ile ya mgao kambini, Prosper!"

"Mi sikumtaja baba. Programu iko ya wote, kila mtu iko na uhuru. Tukianza kufuta leo, kesho tutafuta nini?"

"Kesho nitafuta namba yako!"

Akakata. Wapo watu wa namna ya Prosper, wanaopigania uhuru kwa nguvu zote, mradi anayeumia awe mwingine. Wanachosha kweli!

Jumapili, kama walivyopanga kabla ya ugomvi, ilikuwa siku ya Prosper kujitambulisha ukweni. Alifika na kreti la bia kwenye baiskeli ya kukodi, suti ya kijivu imejaa vumbi. Vumilia akamzuia langoni.

"Yasome kwanza maneno yako. Kwa sauti. Baba yuko uani, anasikia."

"Vumi, sheri wangu, watu wanaangalia..."

"Kwenye programu si wanayaona wote? Soma!"

Prosper akatoa simu. "Kaa chini ungoje kama..." Nyuma ya ua mzee akakohoa. Prosper akajaribu tena, akaishia palepale. Akachuchumaa, akatoa kompyuta begini, akaifungua, akayafuta, na penye sababu akaandika: "Nimeshindwa kuyasoma mbele ya baba mkwe. Prosper."

Vumilia akachungulia. "Baba mkwe? Nani kakukubalia?"

"Bado. Nimekuja kuomba."

"Bado nina hasira na wewe."

"Iko sawa. Nitakaa nayo."

Vumilia akafungua lango, uso bado umenuna. "Haya, ingia. Na hilo la kuomba, ukaliseme kwa sauti."