Majani ya Mti wa Kumi na Saba

Kila siku baada ya shule, binti mmoja wa darasa la sita alipitia kazini kwa shangazi yake, mtafiti wa miti ya matunda ya miforosadi. Wafanyakazi walimwita Vidole, maana vidole vyake vilikuwa vya zambarau kwa maji ya matunda hayo msimu mzima. Shangazi alimkamulia tone la tunda kwenye darubini ndogo ya kupimia sukari ya matunda, naye akachungulia kuelekea kwenye mwanga, akaona buluu iliyotulia kama ziwa la mbali. Nje, mashine ilitikisa shina polepole, matunda yakadondoka wavuni kama mvua isiyo na haraka.

Mti wa kumi na saba ndio aliokuwa akiuota hata darasani. Hakuna uliouzidi kwa utamu. Lakini Jumatatu moja alikuta madoa ya kutu kwenye majani yake machache. Alijua utaratibu: mti unaougua hung'olewa. Akayachuma majani yale, akayaficha kwenye mkoba wa shule. Akafanya hivyo kwa wiki tatu.

Kisha shangazi akatangaza kwa furaha kwamba ule mti haukupata hata doa la kutu, hivyo ndio uliochaguliwa. Kesho yake matawi ya mti huo yangekatwa vipande, wakulima sitini wapewe wakapande. Fundi wa mashine alisema angeuposa mti huo, ila mkewe asingekubali. Wote wakacheka, isipokuwa Vidole. Aliwawaza watu sitini wakimwagilia ugonjwa, wakingoja matunda.

"Shangazi," alisema, "majani yenye madoa niliyachuma mimi."

Fundi aliizima mashine, akajifanya ana kazi mbali ili wawili hao wazungumze. Shangazi aliketi juu ya kreti. Hakufoka. Aliuliza tangu lini, majani mangapi, kisha akampa daftari na kalamu aandike mwenyewe.

"Mtaung'oa?" binti aliuliza, machozi yakimlengalenga.

"Hapana. Kwa kuwa unashikwa na kutu upesi hivi, utatusaidia kupima: tutauzungushia miche mipya. Huu ukiugua na miche isiugue, tutajua miche hiyo ina nguvu kweli ya kushinda kutu. Wakulima watasubiri hiyo."

Shangazi alimfuta machozi kwa upindo wa koti lake la kazi.

"Huruma yako ni nzuri, mwanangu. Ila ukificha ukweli ili umwokoe mmoja, unawaumiza wengi usiowaona. Sema ukweli kwanza, halafu tutatafuta pamoja namna ya kusaidia."