Vidonge Ndani ya Uji

Kidawa wa Kinjumbi alikuwa hodari wa jembe, na siku za shamba la kijiji hakukosa. Lakini mwaka ule tumbo la chini lilimsumbua sana. Na mtoto hakupata, ingawa yeye na mumewe Mfaume walioana zamani. Mama mkwe alichoka kungoja. Akaanza kumtafutia mwanawe mke mwingine huko Tingi.

Kidawa akajikaza, akaenda kliniki ya magonjwa ya wanawake. Akapimwa. Nesi Katarina akamwambia ana klamidia, ugonjwa unaoambukizwa kwa kujamiiana. Machozi yalimtoka kwa aibu.

"Usilie, dada," Katarina alisema. "Wengi wanaokaa benchi hilo la nje wanao, na hawajui. Mara nyingi hauumi wala hauwashi. Hata mwanamume huwa nao asijue. Ukiachwa, huziba mirija ya uzazi. Lakini unatibika. Meza vidonge vyote. Na mumeo aje apewe vyake."

Mume aje? Hapo ndipo penye kazi. Mfaume akakae benchi moja na wanawake? Kidawa hakuthubutu hata kumwambia. Akavigawa vidonge nusu kwa nusu. Nusu alimeza mwenyewe, nusu akamtilia mumewe kwenye uji. Mfaume akalalamika kuwa uji mchungu, akanywa, akaenda zake kwenye mikorosho.

Jamani, dawa si muhogo wa kugawana! Hakupona mke, hakupona mume. Tena kumpa mtu dawa kwa siri ni hatari.

Maumivu yalizidi. Kidawa akarudi kliniki, akasema kweli. Katarina hakumgombeza. Alimpa dawa upya, akamwonya kuwa mumewe asipotibiwa wataambukizana tena na tena.

Nyumbani alimkuta mama mkwe anakunja kanga za kupeleka posa Tingi. Mfaume yupo, kainamisha kichwa. Kidawa aliogopa mno, lakini aliketi akawaeleza yote, hata habari ya uji.

Mfaume akasimama kwa hasira. "Umenilisha dawa bila kuniambia?"

"Ndiyo. Nilikosa, nisamehe. Nilikuogopa. Lakini ukitaka kuoa, katibiwe kwanza. Ukienda hivi, huyo binti wa Tingi utampa ugonjwa huu. Halafu naye mtamwita tasa."

Mama mkwe aliziweka kanga chini. Alimkumbuka binti yake aliyeolewa Likawage, ambaye naye kila siku analia tumbo.

Juma lile Mfaume alikaa kwenye benchi la kliniki. Wanawake wakamtazama, naye akatazama ukuta. Alipimwa, akapewa dawa yake. Mke na mume walimeza vidonge vyote, wakajizuia kulala pamoja mpaka nesi aliporuhusu. Tumbo la Kidawa likatulia. Kuhusu mtoto, Katarina aliwaambia wazi kwamba hawezi kuwaahidi, ila sasa wana matumaini.

Mama mkwe hakwenda tena Tingi. Alikwenda Likawage kumchukua binti yake ampeleke kliniki. Na mkwewe, mume wa binti huyo, alimchukua pia.