Tabasamu la Mguu wa Kushoto

Lango la uwanja lilifurika watu wenye jezi za njano. Katikati ya msukumano huo alisimama msichana mwenye fulana nyeupe iliyonyooshwa pasi, amekumbatia mkeka mzito wa mpira.

"Dada, umekuja kulala au kutazama mechi?" sauti iliuliza nyuma yake.

Aligeuka. Alikuwa kijana mrefu, kandambili miguuni, begi la timu begani.

"Ni wa kupimia miruko. Ukiruka juu yake, unaonyesha umefika wapi."

"Na moyo wangu ukiruka je?"

"Huo peleka hospitali."

Kijana alicheka, akambebea mkeka mpaka ndani. Yeye alikuwa winga wa kulia, na watu wote walimwita hivyo tu, Winga. Msichana alikuwa mpimaji mpya wa timu. Tangu siku hiyo Winga alimwita Mama Mizani, ingawa chumbani kwake chini ya jukwaa hapakuwa na mizani. Palikuwa na kiti chenye mikanda na mkono wa chuma unaofungwa kwenye mguu. Mchezaji alisukuma kama anayepiga shuti, na mstari ukapanda kwenye skrini kuonyesha nguvu za paja.

"Sukuma! Sukuma! Usiniachie!" Mpimaji alikuwa akipiga kelele.

Winga aliposukuma kwa nguvu zote, aliuma mdomo wa chini mpaka meno yakaacha alama. Mwanzo wa msimu miguu yake ilitoshana nguvu. Jioni, uwanja ulipobaki mtupu, walikaa kwenye ngazi na Mpimaji akazigusa alama zile kwa kidole.

"Unajiumiza."

"Napigiwa kelele na mchumba wangu. Nitafanyaje?"

Kisha kano ya goti la kulia ikachanika. Winga alipasuliwa, akauguzwa na mama yake katika ghorofa ya nne, na kila Mpimaji alipofika mama alimwambia, "Mkwe wangu, huyu akikusumbua mchape."

Sheria ya timu ilikuwa moja: hachezi mtu mpaka mguu uliopona ukaribie kutoshana na mzima. Na fainali ilikuwa inakuja, pamoja na mawakala wa klabu za ng'ambo.

Siku ya kipimo kocha alisimama mlangoni. Mguu wa kulia: Winga aliuma mdomo, mstari ukapanda kiasi. Mguu wa kushoto: mstari ukafika palepale.

"Sawasawa!" kocha alipiga makofi. "Anacheza."

Lakini Mpimaji hakuwa akitazama skrini. Alitazama uso. Winga alikuwa anatabasamu.  Mguu mzima, wa kushoto, ulikuwa umezuiwa makusudi usisukume kwa nguvu zote, ili ule mgonjwa uonekane umepona.

"Rudia wa kushoto," alisema taratibu.

"Si umeona mwenyewe?" Macho yake yalimsihi.

Mpimaji aligeukia mlangoni. "Kocha, hajasukuma. Bado hawezi kucheza."

Jioni simu iliita.

"Umeniuza, Mama Mizani."

"Nimelilinda goti lako."

"Nilikuomba ulilinde goti? Nilikuomba unipende."

"Kwangu ni kitu kimoja, mpenzi."

"Basi baki nacho."

Simu ikakatika. Winga akahamia timu ndogo isiyompima mtu. Mpimaji alipiga, hakupokelewa. Akaandika ujumbe, akaufuta. Siku moja aliyepiga alikuwa mama yake Winga.

"Mwanangu, goti limekwenda tena. Madaktari wanasema mpira basi. Na amesema usije."

Alikwenda hivyohivyo. Alikaa nje ya mlango wa chumba uliofungwa, akimsikia analia ndani, mpaka mama akamshika mkono na kumsindikiza kwenye ngazi.

Mvua zilikuja, zikaisha. Asubuhi moja alikuwa akifuta mikanda ya kiti aliposikia fimbo ikigonga sakafu. Winga alisimama mlangoni, amekonda, shati limemzidi.

"Daktari ameniruhusu nianze kusukuma kidogokidogo," alisema. "Sina timu. Sijui kama unawapima watu wasio na timu."

"Unataka nguvu za kufanyia nini?"

"Za kupanda kwa mama bila kupumzika kila ghorofa." Akainamisha kichwa. "Na za kutembea na wewe, kama bado kuna nafasi. Ulinipenda nikasema umeniuza."

Mpimaji alimkalisha kitini. Alipiga magoti, akamfunga mkanda mguuni pole pole, kama anayefunga kitu kinachoweza kuvunjika.

"Kelele hutapiga?" Winga aliuliza.

"Leo sitapiga."

Alisukuma. Mstari ulinyanyuka kidogo tu, ukalala. Mchezaji aliyewahi kuamsha jukwaa zima hakuweza kupandisha zaidi ya hapo. Alisukuma tena, machozi yakimtoka, na Mpimaji alipoinua macho aliona meno yamezama kwenye mdomo wa chini.

Akanyoosha kidole, akaigusa alama.

"Sukuma, mpenzi," alinong'ona. "Nipo."