Halua ya Mke wa Mikumi

Vitunguu vya Dumila vilinukia marashi. Hapo hapo Marselina alipaswa kushtuka, lakini pua ya mwanamke mwenye wivu hainusi hatari, hunusa mwanamke mwenzake.

Ilikuwa saa saba mchana, jua la Kilosa limesimama utosini. Ni miaka ile ya ruksa, maduka ya Dar es Salaam yameanza kujaa tena na watu wamesahau foleni za sabuni. Mumewe Lusekelo, dereva wa lori, alikuwa ndiyo kwanza ameingia kutoka safari. Akamkabidhi mkewe mkubwa kapu la vitunguu na nyanya, akaenda kuoga. Jioni angeendelea na njia hadi Mikumi, kwa mke mdogo, Costancia.

Marselina akaifuata ile harufu mpaka ndani ya lori. Nyuma ya kiti palikuwa na kapu jingine, limefunikwa kitambaa chekundu: halua nzuri inayometa mafuta, na chupa ya marashi ya waridi.

Jirani yake Yudith alikuwa ameshaning'inia kwenye ua kama nguo iliyoanikwa.

"Makubwa! Wewe vitunguu, mwenzio halua? Shoga, wewe ni mke au jiko?"

"Leo vitunguu atakula yeye," Marselina akasema.

Akajifunga kile kitambaa, akajimwagia marashi, akala halua yote hadi kulamba vidole. Kapu lile akalijaza vitunguu vyake. Yudith aliomba hata kipande, akanyimwa, akasonya. Hajui mpaka leo kwamba uchoyo ule ndio uliomwokoa.

Lusekelo alipotoka bafuni, harufu ilimpiga usoni. Sabuni ikamdondoka.

"Mama Imani, umekula?"

"Nimekula. Kwani mimi si mkeo?"

"Ile haikuwa ya Costancia," akanong'ona. "Ni ya jini lililo kichwani mwake. Huniagiza lenyewe, hunichagulia lenyewe, halua ipi, marashi yapi. Mwaka wa pili huu nikiwa kule nalala mkekani, halitaki nimguse. Na lilisema, atakayekula chakula chake ndiye atakuwa kiti chake, litahamia kwake."

Mwaka wa pili! Kumbe alikuwa akimwonea wivu mwanamke asiyeguswa! Marselina alitaka kucheka. Kicheko hakikutoka. Kuku wa uani walinyamaza wote kwa pamoja, na ile harufu ya waridi ikazidi kuwa nzito mpaka ikawa kama ya maua yaliyoozea majini, na chumbani, ambamo hamkuwa na mtu, kitanda cha kamba kikalia kama kinavyolia mwanamume mzito anapokaa, kikatulia, kikalia tena, kama anayesogea kumwachia mwenzake nafasi, na miguu ya Marselina, bila yeye kuituma, ikaanza kutembea kwenda huko.

Mganga Kondo aliletwa kabla ya alasiri. Alifukiza, akakemea, jasho likamtiririka.

"Toka kwa mke wa watu!"

Sauti iliyomtoka Marselina ilikuwa ya kiume, ya upole, ya mtu aliyeshiba.

"Shikamoo, mzee Kondo. Nitoke niende wapi? Sikuvamia. Nimepokewa kwa mikono miwili."

Kondo akafunga mkoba wake.

"Lililotumwa nalirudisha," alimnong'oneza Lusekelo. "Hili limekaribishwa na mwenye nyumba."

Siku hizi Lusekelo akitoka Dar humletea Marselina vitu ambavyo hata wake za wakubwa wa bomani hawajaviona. Huviweka kizingitini, ndani hakanyagi. Kisha lori hushika njia ya Mikumi, ambako Costancia amenawiri, na wenye macho wanasema tumbo lile si la ugali.

Safari iliyopita Marselina alikimbia mpaka mlangoni, machozi yakimtoka, amwite mumewe arudi. Akafungua kinywa.

"Nenda, dereva, wala usigeuke," ikasema ile sauti ya upole. "Mimi mke sichangii na mtu. Wivu wangu unaupita wake."