Laini ya Mama

Jioni ile mdogo wangu alinikabidhi bisibisi, yeye akabaki kibarazani.

"Mashine nitaibeba mimi, dada. Fundi anaisubiri. Ila hiyo kadi nitolee wewe."

"Kwani inang'ata?"

"Nitolee tu."

Ilikuwa modemu ya zamani, kadi ya kijani yenye urefu wa kiganja, iliyochomekwa ndani ya kompyuta. Enzi zile ndiyo iliyotuingiza kwenye intaneti kwa laini ya simu ya nyumbani. Mmoja akiwa mtandaoni, simu haipigiki. Ukiinua mkonga wa simu, unamkatia. Kwa hiyo nyumbani kwetu ilikuwa adabu kugonga mlango kwanza na kuuliza, "Umemaliza?"

Mama aliuliza hivyo siku kifua kilipombana. Mdogo wangu, kitindamimba wake, alimjibu, "Bado kidogo." Alipotoka alimkuta kitini kando ya simu, mkono juu ya mkonga, mwili umeshapoa, roho imetoka. Mama hakuuinua. Hakutaka kumkatia mwanawe.

Mimi sikuwapo. Lakini mimi ndiye mtunza habari za ukoo wetu, na kila tunapokutana nimehakikisha habari hiyo haisahauliki. Mdogo wangu husikiliza, akitazama miguu yake.

Nikaingia chumba cha kompyuta, kilekile cha enzi zile, nikafungua skrubu ya kadi. Kompyuta haikuwa na umeme. Waya wa simu panya walishaumaliza zamani.

Kadi ikalia.

Kwanza mlio mrefu, wa simu inayosubiri namba. Kisha namba zikabonyezwa, moja moja... Kisha ule mkwaruzo, kama bati linaloburutwa sakafuni. Chumba kikanuka dawa ya kuchua. Ile ya mama.

Mkwaruzo ukatulia. Ndani ya kispika kidogo cha kadi, mtu alikuwa akihema.

"Umemaliza?"

Bisibisi ikaniponyoka.

"Mwanangu... nataka kumpigia daktari. Kifua kinabana."

Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayeomba apishwe njiani. Lilihitajika jibu dogo tu: nimemaliza, mama, piga. Nililijua. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimsomea mdogo wangu jibu hilohilo alilopaswa kulitoa.

Badala yake nikaishika kadi.

"Mwana..."

Nikaing'oa kadi.

Kimya. Halafu, ukumbini, mahali ilipokuwa simu na ambapo sasa pana ukuta mtupu, nikasikia mkonga ukirudishwa. Taratibu. Kama mtu asiyetaka kusumbua.

Kadi ilikuwa na joto kiganjani mwangu, joto la mkono wa mtu. Kibarazani viatu vikasogea. Mdogo wangu akagonga mlango.

"Dada, umemaliza?"

Nikafumba kiganja.

"Bado kidogo," nikamjibu.