Golikipa Aliyegeuzwa

Jumanne hiyo Mwalimu alimpokea Dalali mlangoni kwa lawama.

"Umechelewa dakika kumi na mbili."

"Mzee wangu, ni saa nne kamili," Dalali alijibu na kumwonyesha simu yake. "Nimesimama hapo nje nikisubiri itimie."

"Simu zenu hizo," Mwalimu alisema, akampisha aingie.

Lawama zilikuwa za mdomoni tu. Mwalimu alikuwa amestaafu miaka kumi na moja iliyopita, mkewe amefariki, binti yake wa pekee yuko ng'ambo, na mgeni nyumbani kwake lilikuwa jambo la kufurahia hata kama mgeni mwenyewe ni dalali. Alifungua mlango mdogo wa saa kubwa ya ukutani, akapapasa nyuma ya kile kipande cha shaba kinachobembea, akatoa ufunguo. Kisha akainama chini ya kitanda na kuvuta sanduku la bati.

Ndani ya sanduku zilikuwemo kadi za wanasoka, zile zilizokuwa zikipatikana ndani ya pakiti za chingamu enzi za utoto wake. Nyingi hazikuwa na thamani ya kumtoa mtu jasho. Namba arobaini na moja ilikuwa habari nyingine. Kiwandani waliichapisha picha ya golikipa huyo kinyume, namba ya jezi ikasomeka kama kwenye kioo, na baada ya wiki moja wakazirudisha karibu zote na kuzichoma. Duniani zilijulikana kubaki saba. Ya Mwalimu ilikuwa na bei ya nyumba ndogo yenye ua, na mnunuzi alikuwa mjini hadi Ijumaa tu.

Mwalimu alichukua kasha gumu la plastiki lililoandikwa 41, akaligeuza mbele ya kamera ya simu ya Dalali, aliyetaka picha ya kumtumia mnunuzi. Ndani hakuwemo golikipa. Alikuwemo beki mwenye masharubu, namba ishirini na saba, kadi ambayo kila mtoto wa zama zile alikuwa na nakala zake mbili au tatu.

*

Sajenti wa polisi alifika peke yake, kwa kuwa kituoni hakuna aliyeona kadi ya chingamu ni jambo la kupeleka watu wawili. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, na aliandika kila kitu. Kwanza aliandika muda wa kufika. Alitazama saa yake ya mkononi, akatazama ya ukutani. Zote mbili zilisema saa nne na dakika hamsini na mbili.

"Mara ya mwisho kuiona kadi ni lini?"

"Juzi Jumapili, jioni. Niliitazama muda mrefu." Mwalimu alikuwa amekaa kitandani, magoti yamebanana. "Jana nilikwenda zahanati kwa ajili ya goti hili. Nilitoka saa mbili na nusu, nikarudi saa sita mchana."

Mlango haukuvunjwa. Dirisha la jikoni kitasa chake kilikuwa kimelegea, mtu mwembamba angeweza kupita. Kufuli la sanduku lilikuwa zima.

"Nani anajua ufunguo unakaa ndani ya saa?"

"Dada wa usafi anaipangusa hiyo saa. Dalali aliniona nikiutoa wiki iliyopita. Na rafiki yangu Fundi Saa, yeye ndiye aliyeniambia niuweke humo."

"Na ufunguo wa mlango wa nje?"

"Wanao dada na Fundi. Nilimpa Fundi makusudi. Nikifia humu ndani nani atajua?" Alisema hivyo kama mtu anayesema mvua itanyesha. "Lakini Fundi mwondoe. Huyo ni ndugu. Kila Jumapili huja, tunabadilishana kadi, tunabishana, anairekebisha saa hiyo, anakwenda zake. Isipokuwa sasa ana kikohozi, wiki ya tatu hii hajatia mguu."

Sajenti alichungulia sandukuni. Kadi zilipangwa kwa safu, na katika kila pembe palikuwa na kifuko kidogo chenye chembe za bluu.

"Hivi ni vya nini?"

"Vya kuzuia unyevu. Zikinywa maji zinageuka rangi ya waridi." Hakuvitazama hata kidogo. Macho yake yalikuwa kwa yule beki. "Binti yangu amenitengea chumba kwake, Afande. Nina wajukuu wawili ambao sijawahi kuwagusa. Nilimwambia nitakuja, lakini siji mikono mitupu kama mzigo. Golikipa huyu ndiye nauli yangu na heshima yangu. Mnunuzi akiondoka Ijumaa bila kadi, nitabaki humu mpaka nizikwe."

Sajenti aliyaandika hayo pia, ingawa fomu haikuwa na nafasi yake.

*

Dalali alihojiwa siku hiyohiyo, saa tisa alasiri. Aliwahi kushtakiwa kwa kuuza kadi bandia, na Sajenti hakumficha kwamba analijua hilo.

"Ndiyo, nilifanya, nikalipa faini, yakaisha," alisema Dalali. "Sasa nisikilize, dada yangu. Mimi nikitaka kumwibia mzee yule nitamwachia nakala safi, atakufa hajaigundua. Beki mwenye masharubu? Hiyo ni kunitukana."

"Jana asubuhi ulikuwa wapi?"

Alitoa tikiti ya basi. Alikuwa mji mwingine kwenye maonyesho ya kadi na alirudi alfajiri ya Jumanne. Sajenti alipiga simu mbili, akahakikisha. Dalali akamwuliza kwa mzaha kama naye ana kadi yoyote ya zamani nyumbani. Sajenti alijibu kuwa nyumbani kwake kuna sahani moja na kikombe kimoja, na vyote ni vipya.

Dada wa usafi ndiye aliyekuwa na hali mbaya. Jumatatu alifanya kazi pale saa tatu hadi saa tano, akiwa peke yake, na mwezi uliopita alimwuliza Mwalimu kadi hiyo inauzwaje. Mkuu wa kituo alitaka awekwe ndani mara moja. Sajenti aliomba siku moja, akamfuata kwake Jumatano asubuhi, saa mbili na robo.

"Niliuliza bei, ndiyo!" Dada alikuwa mkali, ndoo mkononi. "Na wewe ungeuliza. Karatasi ya chingamu inatunzwa kuliko mtu! Lakini lile sanduku siligusi tena, nimekoma."

"Umekoma nini?"

"Wiki mbili zilizopita alikuwa ameliacha wazi lipate hewa. Nikaona vijifuko vimebadilika rangi, nikadhani chumvi imeoza, nikatupa vyote. Mzee alifoka! Siku nzima. Kesho yake akaniomba radhi, akaniuliza habari za watoto mara tatu, swali lilelile, ili nisiondoke upesi." Aliiweka ndoo chini. "Yule mzee ana upweke, Afande. Mimi namwonea huruma. Siwezi kumwibia."

"Alinunua vingine?"

"Hata! Alisema havina maana, kadi zenyewe anauza aende zake."

Sajenti alirudi nyuma kurasa kadhaa katika daftari lake. Chembe za bluu, kila pembe. Vipya.

Alitembea hadi mtaa wa mafundi akiwaza. Kuna mtu aliingia kuiba, akachukua kadi ya bei ya nyumba, kisha kabla ya kufunga akabadilisha vya kukaushia ili kadi zilizobaki zisiharibike na mvua. Katika miaka ishirini na mbili ya kazi hakuwahi kumkuta mwizi wa namna hiyo.

*

Kibanda cha Fundi Saa kilikuwa na upana wa milango miwili. Fundi mwenyewe, mzee mwembamba mwenye lenzi paji la usoni, alikuwa akitoa mashine mpya ya saa ndani ya kopo. Alikohoa kidogo alipomwona askari.

"Nimesikia ya Mwalimu. Roho imeniuma," alisema. "Keti, Afande. Hapo ndipo wanapokaa wateja, wakitokea."

Kwenye kaunta, droo moja ilikuwa wazi. Saa za mkono zipatazo arobaini zililala humo, kila moja na kijikaratasi kimefungwa kwa uzi: jina la mwenyewe, siku ya kuletwa, siku ya kuchukuliwa.

"Hizi zote zimekwisha kutengenezwa?"

"Zamani. Wenyewe hawakurudi. Siku hizi watu wanatazama saa kwenye simu." Aliisukuma droo. "Nazitia ufunguo kila Jumatatu, zisisahau kazi."

"Mara ya mwisho kwenda kwa Mwalimu?"

"Wiki tatu sasa. Kifua hiki. Sikutaka kumwambukiza mtu anayejiandaa kwa safari." Neno la mwisho lilimtoka kwa shida. "Hata ile saa yake naionea huruma. Inakula dakika nne kila wiki, na nilimkataza asiguse mishale tangu alipouvunja mmoja. Itakuwa imebaki nyuma dakika kumi na mbili."

Sajenti alitazama kopo lililokuwa mezani. Ndani yake, kati ya mashine za saa, vilijaa vifuko vidogo vyenye chembe za bluu.

Alimuaga kwa adabu. Moyo wake ulikuwa mzito, maana alikuwa amempenda mzee huyo, na ilikuwa miezi mingi tangu mtu amwambie keti.

*

Alhamisi, saa kumi jioni, watu watatu walikuwa chumbani kwa Mwalimu: mwenyewe kitandani, Fundi Saa kwenye kiti chake cha Jumapili, na Sajenti amesimama karibu na ukuta.

"Mwalimu," alianza, "Jumanne ulimlaumu Dalali kwamba amechelewa dakika kumi na mbili. Ulijuaje?"

"Saa hiyo ilisema saa nne. Nikajumlisha kumi na mbili, kama ninavyojumlisha siku zote Fundi asipokuja."

"Lakini Dalali alifika saa nne kamili. Nami nilipofika, saa hii na yangu zilikuwa sawasawa. Haikuwa imechelewa hata dakika moja. Kuna mtu aliirekebisha. Uliigusa?"

"Nithubutu! Angenila mzima."

"Dada hugusa mishale?"

"Hupangusa kioo tu."

Sajenti alimgeukia Fundi Saa. "Jana uliniambia mwenyewe kwamba itakuwa imebaki nyuma dakika kumi na mbili."

Fundi aliitazama saa ya ukutani, kisha akaitazama mikono yake kama vile ni ya mtu mwingine.

"Sikumbuki," alinong'ona. "Nilifungua kuchukua ufunguo tu. Wallahi sikumbuki kuigusa. Miaka thelathini, Afande, nikifungua saa mikono inafanya yenyewe."

"Na vifuko?"

"Hivyo nakumbuka. Mvua inakuja, vingine hamna, zile kadi zingejikunja zote." Alisimama, akatia mkono ndani ya koti, akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha kufutia lenzi. "Nilikuja Jumatatu dada alipokwisha kuondoka. Yule beki ni wangu. Nilimweka ili usigundue upesi."

Golikipa alikuwa mzima, hana mkwaruzo. Kwenye kasha lake jipya kilining'inia kijikaratasi cha uzi, kwa mwandiko mdogo wa Fundi: *Mwenyewe: Mwalimu. Imeletwa: Jumatatu. Kuchukuliwa: Jumamosi.*

Mwalimu alikisoma mara mbili. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa hasira, halafu hasira ikakosa pa kushika.

"Jumamosi," alisema. "Mnunuzi akishaondoka."

"Ningekurudishia. Sikutaka senti yako."

"Ulitaka nini basi? Ulitaka wajukuu zangu wanijue kwa picha?"

"Nilitaka Jumapili," alisema Fundi. "Siku sita nakaa pale nazungumza na saa za watu. Ya saba nakuja hapa. Ukiondoka, mimi nina nini?"

"Ungeniambia tu, ewe mtu! Ungesema, ndugu yangu, usiende."

"Ningesema, ungebaki?"

Saa iligonga nusu.

"Hapana," Mwalimu alisema.

Sajenti alieleza sheria kwa ufupi. Kuingia nyumba ya mtu na kuchukua mali ni kosa, na mlalamikaji ana haki ya kuendelea. Mwalimu aliomba karatasi, akaandika kwa mwandiko wa ubao kwamba kadi yake imepatikana na hana shauri na mtu. Fundi alipokuwa akitoka Mwalimu hakumtazama, naye Fundi hakuaga.

*

Ijumaa golikipa aliuzwa. Jumamosi asubuhi Mwalimu alisafiri.

Jumamosi hiyohiyo, saa nane mchana, Sajenti alipita mtaa wa mafundi kwa ajili ya sahihi ya kufungia jalada. Saa kubwa ya ukutani ilikuwa imetundikwa nyuma ya kaunta, ikila nusu ya ukuta.

"Ameileta mwenyewe kwa teksi, akielekea uwanja wa ndege," Fundi alisema. "Hakushuka. Dereva ndiye aliyeibeba."

Kijikaratasi kilifungwa kwenye mlango mdogo, safari hii kwa mwandiko wa ubao. *Mwenyewe: Mwalimu. Imeletwa: Jumamosi.* Mahali pa siku ya kuchukuliwa palikuwa patupu.

Fundi alitia sahihi bila kusoma. Sajenti aliweka karatasi mkobani na hakuwa na sababu nyingine ya kubaki. Kisha akavua saa yake ya mkononi na kuilaza kaunta.

"Hii inachelewa," alisema.

Fundi aliiweka sikioni, akashusha lenzi, akailinganisha na ile ya ukutani. "Haichelewi hata nukta, Afande."

"Iangalie tu."

Mzee alimtazama kwa jicho lile kubwa la lenzi. Akavuta kijikaratasi na uzi, akalamba ncha ya penseli.

"Utaipitia lini?"

"Jumapili," Sajenti alisema. "Baada ya chakula cha mchana."

Akaandika.